Chanjo na magonjwa ya mishipa ya fahamu: tupewe hesabu yote

Chanjo inaweza, mara chache mno, kumletea mtu ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Jambo hilo limethibitishwa kwa hesabu zaidi ya mara moja, na wa kwanza kulisema walipaswa kuwa wale wanaoshika sindano. Mara nyingi wapinzani wa chanjo ndio huwatangulia, nao wakifika kwenye "mara chache mno" huruka. Mgonjwa ambaye juzi alipanda ngazi mwenyewe na leo hawezi kuinua mguu anajikuta katikati ya ugomvi usiomhusu: hawa wanamwambia ni sadfa tu, wale wanamfanya bango. Naamini pande zote mbili zinamdhulumu, na dhuluma ya upande wa kwanza, ambao ndio upande wangu, ndiyo inayobomoa zaidi imani ya watu katika chanjo.

Ugonjwa unaotajwa sana katika mjadala huu ni Guillain-Barré. Mwaka 1916 madaktari wa Ufaransa Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl waliueleza baada ya kuwaona askari wawili waliolegea viungo. Huanza na ganzi au mchomo kwenye vidole vya miguu. Siku chache baadaye magoti yanakosa nguvu, kisha mikono, pengine na uso. Kwa mgonjwa 1 kati ya 4 au 5 hivi, udhaifu huo hupanda hadi kwenye misuli ya kupumua, na hapo asipopata mashine ya kupumulia hana maisha. Mshambuliaji ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Inaichubua ala ya mayelini inayofunika nyuzi za neva, au inaushambulia uzi wenyewe, na amri ya ubongo haifiki kwenye msuli, kama umeme usiofika kwenye taa kwa sababu waya umeliwa na panya.

Ugonjwa huu una ndugu zake. Kuna kuvimba kwa uti wa mgongo wenyewe, ambako miguu hupooza na mkojo ukagoma kutoka au kuzuilika. Kuna kuvimba kwa ghafla kwa ubongo na uti wa mgongo kwa pamoja, ambako huwapata zaidi watoto. Kuna kuvimba kwa neva ya jicho, kwa neva ya uso inayoacha mdomo umepinda upande mmoja, na kwa neva za bega, ambako maumivu makali hufuatwa na mkono kukosa nguvu. Yote hayo yamekuwapo miaka mingi na mengi hufuata maambukizi ya kawaida. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa Guillain-Barré husimulia kwamba waliharisha au walishikwa na mafua wiki chache kabla. Bakteria wa kuhara aitwaye Campylobacter jejuni ndiye anayejulikana zaidi kwa kazi hii: ngozi yake ya nje ina sukari zinazofanana na zile zilizo juu ya neva za binadamu, kwa hiyo kingamwili zilizotengenezwa kumwua yeye huigeukia neva. Virusi vya Zika vilifanya hivyo pia katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013 na 2014, ambako wagonjwa 42 wa Guillain-Barré walipatikana katika mlipuko mmoja.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Ugonjwa huu humpata mtu 1 au 2 kati ya 100,000 kila mwaka, chanjo iwepo isiwepo. Chukua watu milioni 10 uwadunge sindano ya maji matupu. Katika wiki 6 zinazofuata, kati ya 11 na 23 hivi watapata Guillain-Barré. Kila mmoja atakuwa na tarehe ya sindano iliyoandikwa kwenye kadi, kila familia itakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mzima, na kila simulizi itakuwa ya kweli neno kwa neno. Simulizi hizo haziwezi kutuambia chanzo, hata zikiwa mia. Kinachoweza kutuambia ni kuhesabu: wangeugua wangapi hata bila sindano, na wameugua wangapi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kesi yenyewe.

Marekani ilijifunza hesabu hiyo kwa uchungu mwaka 1976. Februari mwaka huo, askari mmoja kijana alifariki katika kambi ya Fort Dix, jimbo la New Jersey, na virusi vilivyopatikana vikafanana na vya mafua ya nguruwe. Wataalamu waliikumbuka homa ya 1918 iliyoua mamilioni. Mwezi uliofuata Rais Gerald Ford alitangaza kwamba taifa zima litachanjwa. Kampuni za bima zikakataa kubeba dhamana, Bunge likapitisha sheria ya serikali kuibeba, na Oktoba 1 sindano zikaanza. Watu zaidi ya milioni 40 walichanjwa katika wiki kama 10.

Novemba zikaanza kuja taarifa za watu waliopooza, za kwanza zikitoka Minnesota. Wachunguzi walipozipanga kwa siku tangu sindano, hazikutawanyika ovyo kama sadfa inavyotawanya mambo. Zilirundikana katika wiki ya 2 na ya 3, kisha zikapungua. Umbo hilo la rundo, ukiliangalia kwenye karatasi, ni gumu kulikana. Desemba 16 kampeni ilisimamishwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha ongezeko la karibu mgonjwa 1 kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Mafua yenyewe yaliyohofiwa hayakutoka nje ya Fort Dix. Watu walipooza, na baadhi yao walikufa, kwa kinga dhidi ya ugonjwa ambao haukuja.

Nimekawia kwenye 1976 kwa sababu watetezi wa chanjo hupenda kuipita haraka, ilhali ndiyo ushahidi wao mzuri kuliko wote. Serikali iliyokuwa imeweka heshima yake yote kwenye kampeni ile iliisimamisha kwa namba zilizokusanywa na watumishi wake yenyewe, ndani ya wiki chache. Mfumo uliokuwa tayari kuihukumu chanjo yake ndio mfumo ambao ukisema chanjo nyingine haina hatia, nina sababu ya kuusikiliza.

Na haikuwa hukumu pekee. Chanjo ya kichaa cha mbwa iliyobuniwa na David Semple nchini India mwaka 1911 ilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama, kama kondoo na mbuzi. Pamoja na virusi vilivyouawa, mgonjwa alidungwa tumboni, siku baada ya siku, mayelini ya mnyama, na kinga ya mwili wake ikajifunza kuichukia mayelini. Makadirio ya waliovimba ubongo au uti wa mgongo yalitofautiana sana, kuanzia mtu 1 kwa kila mamia machache hadi 1 kwa maelfu kadhaa. Watu waliikubali kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza dalili ni kifo, na hapakuwa na njia nyingine. Zilipopatikana chanjo zinazooteshwa kwenye seli, Shirika la Afya Duniani lilihimiza ile ya ubongo iachwe. Hata hivyo India haikuacha kuitengeneza hadi mwaka 2004. Muda wote huo, aliyekuwa na fedha alipata chanjo safi na maskini akapewa ile ya ubongo. Hilo linanikera kuliko madhara yenyewe, kwa sababu madhara hayakuwa siri. Yalijulikana, yakaachwa kwa wasio na sauti.

Uswisi nayo, mwaka 2000, iliingiza sokoni chanjo ya mafua ya kupulizia puani. Ndani yake mlikuwa na kichochezi kilichotokana na sumu ya bakteria wa E. coli, cha kuiamsha kinga ya mwili. Madaktari wakaanza kuona nyuso zilizopinda. Hesabu ilipofanyika ilikuta wagonjwa wa ziada 13 kwa kila watu 10,000 waliopuliziwa, namba kubwa ajabu kwa chanjo. Msimu uliofuata haikurudi sokoni. Chanjo za mafua za sindano zilizopimwa katika utafiti huohuo hazikuonyesha ongezeko lolote.

Sasa angalia upande wa pili, pale woga ulipotangulia hesabu. Oktoba 1998 Ufaransa ilisimamisha chanjo ya homa ya ini aina ya B shuleni, baada ya taarifa za vijana na watu wazima waliopata ugonjwa wa mayelini uitwao skelerosisi nyingi (multiple sclerosis). Tafiti mbili kubwa zilizotoka mwaka 2001 hazikuona uhusiano. Japani iliiingiza chanjo ya virusi vya saratani ya shingo ya kizazi kwenye ratiba ya taifa Aprili 2013, na Juni mwaka huohuo ikaacha kuihimiza kwa sababu ya maumivu na matatizo ya neva yaliyoripotiwa kwa wasichana. Uchanjaji ulishuka kutoka karibu asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Utafiti uliofanyika katika jiji la Nagoya haukukuta dalili hizo zimezidi kwa waliochanjwa. Serikali ilirudi kuihimiza Aprili 2022, miaka karibu 9 baadaye, na kizazi kizima cha wasichana kilikuwa kimeshapita umri wa kuchanjwa.

Siwalaumu Wafaransa wala Wajapani kwa kusimama. Kusimama wakati taarifa zinaingia kunaweza kuwa busara, kama ilivyokuwa 1976. Ninalolaumu ni kusimama halafu kukaa kimya wakati hesabu imeshatoka na inasema vingine.

Wakati wa Korona mambo haya yote yalijirudia kwa kiwango ambacho dunia haikuwahi kukiona. Septemba 2020 majaribio ya chanjo ya AstraZeneca yalisimamishwa kwa muda baada ya mshiriki mmoja Uingereza kupata dalili za kuvimba uti wa mgongo. Julai 12, 2021, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliongeza onyo la Guillain-Barré kwenye chanjo ya Korona ya Janssen (Johnson & Johnson), ikiwa na taarifa za awali zipatazo 100 kati ya dozi milioni 12.5. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa watu milioni 99 kutoka nchi 8. Katika siku 42 baada ya dozi ya kwanza ya AstraZeneca walitarajiwa wagonjwa 76 wa Guillain-Barré. Walionekana 190. Kuvimba kwa ubongo na uti wa mgongo kwa pamoja nako kulizidi matarajio baada ya chanjo hiyohiyo. Kwa chanjo za mRNA, kama zile za Pfizer na Moderna, Guillain-Barré haikuzidi.

Wanaotetea chanjo kwa haraka hujibu namba hizo kwa kuzilinganisha na ugonjwa wenyewe, na ulinganisho huo ni wa kweli. Uingereza ilihesabu wagonjwa wa ziada 38 wa Guillain-Barré kwa kila watu milioni 10 waliopata AstraZeneca, lakini 145 kwa kila watu milioni 10 waliopimwa wakakutwa na Korona. Huko Ontario, Kanada, hatari baada ya chanjo ya mafua ilikuwa karibu 1 kwa milioni, na baada ya kumwona daktari kwa mafua yenyewe ilikuwa karibu 17 kwa milioni. Ukitazama mishipa ya fahamu peke yake, bila kuhesabu mapafu wala moyo, bado sindano ndiyo salama zaidi.

Nakubali, na ningechanjwa kwa hesabu hiyo bila kusita. Lakini ulinganisho huo unajibu swali la mtu anayefikiria kuchanjwa kesho. Haumjibu aliyechanjwa wiki 2 zilizopita na sasa yuko kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Yeye aliitika wito. Alikuwa mzima, tukamwomba atoe mkono kwa ajili yake na kwa ajili yetu, na hasara ikamwangukia. Kumsomea 145 dhidi ya 38 wakati huo ni ukatili, hata namba zikiwa sahihi. Yeye ni mmoja wa wale 38.

Deni letu kwake linaanzia kitandani, kwa kumpima. Chukua nyundo ndogo ya mpira na ugonge chini ya goti. Kwa mtu mzima mguu huruka kidogo; kwa mgonjwa wa Guillain-Barré, kwa kawaida, hautikisiki. Maji ya uti wa mgongo yakivutwa kwa sindano kiunoni na kupelekwa maabara huwa na protini nyingi na seli chache, mchanganyiko ambao wale madaktari wa 1916 ndio waliousisitiza, ingawa katika wiki ya kwanza maji hayo yanaweza kuonekana ya kawaida na kumdanganya daktari mwenye haraka. Kama uti wa mgongo ndio uliovimba, mkojo hugoma mapema na kuna mstari kwenye kiwiliwili ambao chini yake mgonjwa hahisi vizuri pini wala pamba. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Uti wa mgongo uliovimba hutibiwa kwanza kwa dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe, kwa wingi. Guillain-Barré haisaidiwi na steroidi. Inataka dripu ya kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji wengi, au kusafishwa kwa utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, na inataka mapema. Anayemwambia mgonjwa "ni uchovu, ni wasiwasi wa chanjo" akamrudisha nyumbani, amemnyima dawa kwenye siku ambazo dawa ilikuwa na nguvu zaidi. Tena amemfuta kwenye hesabu, kwa sababu asiyepimwa hahesabiwi.

Kuna mtandao mmoja tayari unaofanya sehemu ya kazi hii vizuri, na nashangaa jinsi usivyotajwa. Katika vita dhidi ya polio, kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla anatakiwa kuripotiwa, sampuli mbili za choo zichukuliwe ndani ya siku 14, naye afuatiliwe baadaye. Nchi isiyopata angalau mtoto 1 mwenye ulegevu usio wa polio kwa kila watoto 100,000 inahesabiwa kuwa haitafuti vya kutosha. Guillain-Barré ni miongoni mwa sababu kuu za ulegevu huo usio wa polio. Maana yake ni kwamba hata nchi zenye hospitali chache zimeshajenga mazoea ya kutafuta ulegevu wa ghafla, kuuandika na kuupeleka ngazi ya juu. Ila mtandao unakomea miaka 15, wakati Guillain-Barré huongezeka kadiri umri unavyosonga na chanjo nyingi mpya zinalengwa kwa wazee. Januari 2025 Marekani iliagiza onyo la ugonjwa huu kwenye chanjo mbili za RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, ikikadiria wagonjwa wa ziada kati ya 7 na 9 kwa kila dozi milioni moja kwa wenye miaka 65 na zaidi. Chanjo ya mkanda wa jeshi ilipewa onyo kama hilo mwaka 2021. Hesabu hizo zilipatikana kwa sababu kuna kumbukumbu za matibabu ya wazee kwenye kompyuta za bima. Fomu ileile ya ulegevu wa ghafla ijazwe pia kwa mtu wa miaka 40 na wa miaka 70, iongezwe mstari mmoja wa chanjo za wiki 6 zilizopita na mwingine wa kuhara au homa, na nchi isiyo na kompyuta za bima itakuwa na kiwango chake cha kawaida cha kulinganishia. Bila kiwango hicho, siku chanjo mpya ikija, serikali haitaweza kuitetea wala kuishtaki.

Baada ya kupima na kuhesabu kuna fidia, na hapa mataifa yanatofautiana mno. Ujerumani ilianza mwaka 1961. Uingereza ina sheria ya mwaka 1979, lakini malipo ni ya mkupuo mmoja wa pauni 120,000 na sharti ni ulemavu usiopungua asilimia 60. Fikiria fundi aliyelala miezi 3, akajifunza kutembea upya, na mwaka mmoja baadaye anatembea lakini vidole havishiki bisibisi. Hafiki asilimia 60. Hapati kitu. Marekani imeweka Guillain-Barré kwenye jedwali lake la fidia tangu 2017: ukianza kati ya siku ya 3 na ya 42 baada ya chanjo ya mafua, inachukuliwa kuwa chanjo ndiyo chanzo mpaka ithibitishwe vingine. Huo ndio utaratibu ninaouona wa haki, kwani haumlazimishi mgonjwa kushinda hoja ambayo hata maprofesa huishinda kwa kuhesabu mamilioni ya watu. Nchi 92 za kipato cha chini na cha kati zilipata mfuko wa fidia wa pamoja kwa chanjo za Korona zilizoletwa na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo hizo. Mfuko huo ulikuwa wa chanjo hizo tu. Kwa chanjo nyingine zote, mwananchi wa nchi nyingi kati ya hizo anaachiwa aende mahakamani kwa nauli yake.

Swali la mwisho ni lile ambalo wagonjwa wenyewe huliuliza wakishaanza kutembea: nichanjwe tena? Ushauri unaofuatwa na wengi ni kwamba aliyepata Guillain-Barré ndani ya wiki 6 baada ya chanjo fulani aipime upya chanjo hiyo na daktari wake, na kwa kawaida aiepuke kama ugonjwa inaoukinga si tishio kubwa kwake. Aliyeupata baada ya kuhara au mafua hana sababu hiyo ya kujinyima. Huko California watafiti waliwafuatilia watu 279 waliokuwa wameugua Guillain-Barré kisha wakachanjwa, jumla ya chanjo 989 za aina mbalimbali. Hakuna aliyerudiwa na ugonjwa katika wiki 6 baada ya sindano. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye mapafu dhaifu, ambaye miaka 20 iliyopita alipooza baada ya kuhara, habari hiyo ina uzito, na anastahili kuisikia kutoka kwa daktari aliyesoma faili lake lote.